Faili dogo linafika, kubwa linaharibu mninga: kutuma kazi kwa mashine ya CNC kwa waya wa siriali

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni seremala hapa Mafinga, nachonga milango na vitanda. Nilinunua mashine ya CNC, ile inayochonga yenyewe kwa kufuata faili la maelekezo, ya mtumba, ya zamani. Haina pa kuchomeka flashi wala haijui intaneti. Ina tundu moja tu la siriali, lile la pini tisa. Laptopu yangu ni ya Linux, nikanunua na adapta ya USB. Ukurasa wa mipangilio kwenye mashine unasema kasi 9600, biti 8, bila pariti, stopu 1, na chini yake XON/XOFF. Rafiki alinipa amri hizi mbili:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 raw
cat ua.nc > /dev/ttyUSB0

Faili dogo la mistari thelathini linachongwa safi kabisa. Lakini faili la ua la mlango, kama kilobaiti 300, mashine inaanza vizuri halafu inaruka mistari, na Jumamosi ilizamisha kisu kwenye ubao wa mninga mpaka kikagusa meza. Cha ajabu, amri inamaliza kwa dakika tano na ushei bila kulalamika, ilhali kazi yenyewe ni ya saa nzima. Nimebadilisha waya, nimebadilisha adapta, nimepunguza mwendo wa kisu. Je, ninunue laptopu nyingine?
Fundi wa milango, Mafinga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kamwene. Pole kwa ubao. Paini ukiuharibu unakata kipande kingine jioni hiyohiyo, hapo Sao Hill mmezungukwa nao. Mninga ni habari nyingine.

Laptopu iache ilivyo. Adapta nayo iache kwanza, nitairudia. Mwenye kosa ni neno moja katika amri yako ya kwanza, neno "raw", na ushahidi umeuleta mwenyewe bila kujua: zile dakika tano.

Tupige hesabu pamoja. Kasi ya 9600 maana yake ni biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi ina biti zake 8, inatanguliwa na biti moja ya kuanza na kufungwa na moja ya stopu, jumla 10. Kwa hiyo waya wako unapitisha herufi 960 kwa sekunde, hauwezi zaidi. Kilobaiti 300 ni herufi 307,200. Gawa kwa 960 unapata sekunde 320, yaani dakika 5 na sekunde 20. Ndizo dakika tano na ushei ulizoniandikia. Maana yake laptopu yako ilimimina faili zima kwa kasi yote ya waya, haikusimama hata mara moja. Sasa mashine inayohitaji saa nzima kuchonga kazi hiyo iliyaweka wapi maneno yote yale? Mashine za umri huo zina ghala dogo la kupokelea, la herufi elfu chache tu, mara nyingine mamia. Ni kama kumimina ndoo ya ulanzi kwenye kikombe: kikombe kimejaa vizuri, kilichobaki kimekwenda chini, na mmiminaji anaondoka akijua kazi imekwisha.

Faili lako la mistari thelathini linafanikiwa kwa sababu hiyohiyo. Linaenea kwenye kikombe.

Na zikipotea, hazipotei mstari kwa mstari kwa adabu. Zinapotea pale zilipokuta ghala limejaa. Chukua mistari miwili ya kawaida:

G1 Z-3.0
X120.5

Wa kwanza unashusha kisu milimita 3, wa pili unakipeleka pembeni. Sasa tuseme zimepotea herufi sita tu: nukta, sifuri, zile alama mbili za mwisho wa mstari, X na 1. Kwa kasi ya 9600, herufi sita hupita kwa muda usiofika sekunde moja ya mia. Kinachobaki mashine inakisoma hivi:

G1 Z-320.5

Ni amri halali. Mashine haina la kubishia: imeambiwa ishuke milimita 320, inashuka. Mimi sikuwepo Jumamosi, lakini kisu kilichopita kwenye ubao mpaka mezani kimepata namba ya jinsi hii. Ndiyo maana nasema kupunguza mwendo wa kisu kulizidisha balaa. Kadiri mashine inavyokula polepole ndivyo ghala linavyojaa mapema.

Mashine yako ina njia ya kusema "ngoja", na ukurasa wa mipangilio umeitaja: XON/XOFF. Ghala linapokaribia kujaa, mashine inatuma herufi moja kurudi kwa kompyuta, namba 19, iitwayo XOFF. Ikishakula kidogo inatuma namba 17, XON, maana yake endelea. Herufi hizi ni za zama za teletipu, zile mashine za kupiga chapa zilizotumiana maandishi kwa waya; zilikuwa zikiwasha na kuzima kisomeo cha utepe wa karatasi wenye matundu. Mashine za CNC za mwanzo nazo zililishwa kwa utepe huo, na ile alama ya asilimia unayoiona mwanzo na mwisho wa faili lako imebaki kutoka huko. Tena unazijua herufi hizi kwa vidole vyako. Umewahi kubonyeza Ctrl na S kwenye terminali ukadhani kompyuta imeganda? Ulituma XOFF. Ctrl na Q ni XON.

Upande wa Linux, anayesikiliza herufi hizo ni mpangilio uitwao ixon. Na hapa ndipo rafiki yako alipokuponza, kwa nia njema. Neno raw ni kifurushi: ndani yake mna mipangilio zaidi ya kumi inayozimwa kwa mpigo mmoja, ili herufi zipite bila kuguswa. Mmojawapo ni ixon. Kwa hiyo mashine ilikuwa ikipiga kelele "ngoja, ngoja", na wewe ulikuwa umeziba masikio ya kompyuta kwa amri yako mwenyewe.

Dawa si kuacha raw. Bila raw, Linux itakuchezea miisho ya mistari na mengine. Dawa ni kuandika raw kwanza, kisha ixon baada yake. Utaratibu una maana: stty, ile amri ya kupanga poti, inasoma maneno kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo ukiandika "ixon raw", la pili linafuta la kwanza na unarudi palepale. Nimeona watu wakiapa kwamba wameweka ixon, na kweli wameiweka, ila upande usiofaa wa raw.

Andika hivi:

exec 3<>/dev/ttyUSB0
stty raw -echo 9600 cs8 -parenb -cstopb clocal -crtscts ixon -ixoff <&3
stty -a <&3
cat ua.nc >&3

Mstari wa kwanza unafungua poti na kuishikilia wazi kwa namba 3. Nitaeleza chini kwa nini sipendi kuifungua na kuifunga ovyo. Wa pili ndio mipangilio. Ile -echo usiisahau, kwa sababu raw haiizimi, na ikibaki wazi laptopu itairudishia mashine kila herufi inayotoka kwa mashine. Wa tatu unakuonyesha hali ilivyo: tafuta neno ixon na uhakikishe halina alama ya kutoa mbele yake. Hiyo ixoff nimeizima makusudi. Watu huzichanganya hizi mbili kwa sababu ya majina. Ixon ni wewe kutii "ngoja" ya mwenzako. Ixoff ni wewe kumwambia mwenzako angoje. Unayetuma hapa ni wewe, mashine haikutumii mzigo wowote.

Kabla ya kubonyeza Enter kwenye cat, ianze mashine kwanza. Bonyeza kitufe chake cha kuanza mpaka skrini ionyeshe inasubiri data, ndipo utume. Ukitangulia wewe, mistari ya mwanzo inaingia kwa mlango ambao bado umefungwa.

Ikikubali, cat haitarudi kwa dakika tano. Itakaa karibu saa nzima, ikitoa kidogo kidogo kadiri mashine inavyokula. Usishtuke ukaikatiza kwa Ctrl na C ukidhani imekwama.

Sasa, inawezekana ukafanya yote haya na amri bado ikarudi kwa dakika tano. Hapo jua XOFF haifiki, na sababu ya kwanza ya kuangalia ni waya. Umebadilisha waya, sawa, lakini umebadilisha kwa waya wa namna gani? Mafundi wengi wakitengeneza kebo ya CNC wanaunga nyaya mbili tu, wa kutuma na wa ardhi, kwa hoja kwamba mashine inapokea tu. Inapokea, lakini na yenyewe ina neno la kusema. Kwenye tundu la pini tisa upande wa adapta, pini 3 inatuma, pini 2 inapokea, pini 5 ni ardhi. Zote tatu lazima ziungwe, na ya 2 na 3 zipishane kuelekea upande wa mashine iwapo mashine nayo imepangwa kama kompyuta.

Huhitaji kubahatisha. Washa mashine, chomoa kebo kwenye adapta tu, chukua multimita, weka mguu mweusi pini 5 ya kebo na mwekundu kwenye pini 2. Waya wa RS-232, ndio huo wa siriali wa pini tisa, ukitulia haukai sifuri. Mwenye kutuma anauweka kwenye volti hasi. Ukisoma kati ya -3 na -15, mashine ipo upande wa pili na mdomo wake uko wazi. Ukisoma sifuri au namba inayocheza cheza, hakuna mtu. Fungua kichwa cha kebo ukaangalie palipokatika, au pasipoungwa tangu mwanzo.

Na kama volti ipo, sikiliza kwa sikio lako. Toa kisu kwenye mashine, pandisha kichwa juu, zima mota ya kisu, kisha:

stty -ixon <&3
cat -v <&3 &
cat ua.nc >&3

Hapa tumeizima ixon kusudi, kwa sababu ikiwa imewashwa Linux inazimeza herufi hizo kabla hujaziona. Cat yenye -v inaonyesha herufi zisizoonekana. Mashine nzima ikiongea sawasawa utaona ^Q mwanzoni, halafu ^S, na zitaendelea kupokezana. Ile ^S ya kwanza ikitokea, hesabu imekamilika: ndiyo "ngoja" uliyokuwa huisikii. Usipoona kitu na volti ipo, rudi kwenye ukurasa wa mipangilio wa mashine. Kuna mashine ambazo XON/XOFF imeandikwa kama jina tu na kuwashwa kwake ni namba nyingine kurasa mbili mbele. Ukimaliza jaribio, rudisha ixon, na uue ile cat ya nyuma kwa kill %1.

Kuna jambo la tatu unaloweza kuona, na hili limenichosha siku mbili nzima maishani mwangu: M-^S mahali pa ^S. Ile M- inasema biti ya nane imewaka. Maana yake mashine yako haitumii biti 8 bila pariti hata kama ukurasa unasema hivyo. Inatumia biti 7 na pariti shufwa, yaani biti ya ukaguzi inayoongezwa ili idadi ya moja iwe shufwa, na biti ya nane unayoiona ndiyo pariti. Namba 19 kwa biti ina moja tatu, idadi witiri, kwa hiyo pariti inaongeza ya nne. Namba 17 ina moja mbili tayari, haiongezwi kitu. Kwa hiyo XON inafika ikiwa salama na XOFF inafika ikiwa imevaa kofia, Linux haiitambui. Kompyuta inasikia "endelea" na haisikii "ngoja". Tiba yake ni kubadilisha cs8 kuwa cs7, na -parenb kuwa parenb -parodd.

Nilisema siku mbili. Hazikuwa za M-^S yenyewe, ila zilikuwa za biti 7 hizihizi. Karakana moja huku Mbeya ilinipigia, mashine yao ya biti 7 inachonga vizuri faili zote isipokuwa moja, na hiyo moja inakwama mstari wa pili kila mara. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha adapta. Nikalaumu umeme, na ilikuwa Februari, radi za Mbeya unazijua. Siku ya pili jioni, mafundi wameshaondoka, nikafungua faili kwa od, amri inayoonyesha faili baiti kwa baiti, badala ya kulifungua kwa macho:

od -c dirisha.nc | head

Mstari wa pili ulikuwa maelezo tu ndani ya mabano, "Dirisha 4–6". Yule aliyeandika aliyaandika kwenye programu ya barua, na programu ikageuza kistari chake cha kawaida kuwa kile kirefu kidogo. Kistari hicho kwenye faili ni baiti tatu, na kwa hesabu ya kumi na sita ni E2, 80 na 93. Kata biti ya nane kwenye kila moja, kama mashine ya biti 7 inavyofanya, upate 62, 00 na 13. Hiyo 13 ya hesabu ya kumi na sita ni 19 ya kawaida. XOFF! Kistari cha kwenye maelezo kilikuwa kikiiambia mashine inyamaze, nayo ikawa inanyamaza kwa utii wote. Tangu hapo kila faili linapita hapa kwanza:

LC_ALL=C grep -nP '[^\x00-\x7F]' ua.nc

Isipotoa mstari wowote, faili ni safi. Ikitoa, futa hayo maelezo. Mashine haiyasomi hata hivyo.

Habari ya miisho ya mistari, ile ya Linux kutumia alama moja na mashine nyingi kutaka mbili, kwako si tatizo kwa kuwa faili dogo linakubaliwa. Ukibadilisha programu ya kuchorea siku moja na mashine ikagoma toka mstari wa kwanza, pitisha faili kwenye unix2dos ujaribu tena.

Turudi kwenye adapta. Linux ikisikia XOFF inaacha kuipa adapta herufi mpya, lakini zile zilizokwisha kuingia tumboni mwa adapta zinatoka tu, hakuna wa kuzizuia. Adapta nyingine zina tumbo kubwa. Kama mashine inasema "ngoja" ikiwa imebakiza nafasi ya herufi hamsini, na adapta imebeba mia mbili, umerudi palepale, ila sasa makosa yatakuwa machache na ya kujificha, jambo ambalo mimi naliogopa kuliko yale makubwa. Ninachofanya mimi kwa kazi za karakana ni kutumia adapta yenye chipu ya FTDI, kwa sababu chipu yenyewe inaweza kufanya kazi ya XON/XOFF pale pale, bila kusubiri kompyuta. Au kitu cha bei rahisi zaidi: kompyuta ya mezani ya zamani yenye tundu lake la siriali nyuma. Hizo huku Mbeya, soko la Mwanjelwa, watu wanaziuza kama vyuma. Chipu zake za kawaida, za ukoo wa 16550A, zina tumbo la herufi 16 tu, na poti yake utaiita /dev/ttyS0. Kwa mashine ya umri wa hiyo yako, kompyuta ya umri uleule ndiyo mwenzi wake. Vumbi la mbao nalo halitakuuma roho likiingia humo.

Njia bora kupita zote, kama ukurasa wa mashine una chaguo la RTS/CTS, ni kuunga nyaya mbili zaidi, pini 7 na 8 zikipishana, uandike crtscts -ixon. Hapo "ngoja" inakuwa volti kwenye waya wake, haichanganyiki na herufi. Lakini ulichonacho sasa kinatosha kuanzia.

Wapo watakaokushauri uachane na haya yote upunguze tu kasi ya kutuma, kwa programu ya pv:

pv -L 80 ua.nc >&3

Hesabu yao inavutia: herufi 307,200 kwa saa moja ni kama 85 kwa sekunde, basi tuma 80. Sikushauri. Ua halichongwi kwa wastani. Kwenye mstari mrefu ulionyooka mashine inakaa na amri moja sekunde kadhaa. Kwenye petali la ua, programu ya kuchorea imekata mviringo kuwa vipande vya sehemu mbili za kumi za milimita. Kisu kikienda milimita 900 kwa dakika, yaani 15 kwa sekunde, kinamaliza vipande 75 kila sekunde. Mstari kama X120.512 Y44.208 pamoja na mwisho wake ni herufi 18, mara 75 ni 1,350 kwa sekunde. Unaona? Hapo hata kasi yote ya waya wako, 960, haitoshi, achilia mbali 80. Mashine itakuwa inasimama na kuondoka, kisu kinazunguka mahali pamoja, na mninga utaungua alama nyeusi kwenye petali. Ukiona alama hizo baada ya kurekebisha ixon, usidhani kosa la zamani limerudi. Hiyo ni njaa, ile ya kwanza ilikuwa shibe. Pandisha kasi ya siriali mpaka 19200 pande zote mbili kama mashine ina nafasi hiyo, au iambie programu ya kuchorea ikubali vipande virefu kidogo. Macho ya mteja hayataona tofauti.

Sasa ile habari ya kushikilia poti wazi. Cat ikimaliza kusukuma faili, herufi za mwisho bado ziko kwenye foleni ya Linux, elfu kadhaa hivi. Ukitumia amri yako ya zamani, poti inafungwa hapo hapo, na Linux inasubiri foleni iishe. Lakini haisubiri milele. Kwa mpangilio wa kawaida ni sekunde 30. Mashine ikiwa imesema "ngoja" na iko kwenye kazi ya dakika nzima, zile sekunde zinapita, foleni inatupwa, na mkia wa kazi yako hauchongwi. Na kwa kawaida mkia ndiyo amri ya kupandisha kisu na kuzima mota. Kwa exec 3 poti inabaki wazi mpaka wewe mwenyewe uifunge. Kwa hiyo subiri mashine imalize, kichwa kirudi nyumbani, ndipo uandike:

exec 3>&-

Mambo madogo mawili ya Linux yenyewe, nayapitia haraka. Kuna huduma iitwayo ModemManager ambayo ikiona adapta mpya ya siriali inaweza kudhani ni modemu na kuitumia salamu zake. Kwenye laptopu ya karakana izime. Na kwenye Ubuntu 22.04 kuna brltty, programu ya wasioona, ambayo hudaka adapta za chipu ya CH340 ikidhani ni vifaa vyake, na /dev/ttyUSB0 inatoweka. Ikikutokea, iondoe hiyo brltty kama huitumii.

Kebo ipitishe mbali na waya wa mota ya kisu. Ile inveta inayoendesha mota inatoa kelele ya umeme, na kebo ya siriali ikilala sambamba nayo mita tano inaokota. Kebo yenyewe isizidi mita 15. Laptopu na mashine zichukue umeme kwenye soketi ya ardhi moja, la sivyo utaona herufi za ajabu kila compressor inapowaka, utarudi kulaumu programu. Na usinunue vile vipande vya adapta vyenye nyaya nne zilizo wazi. Vile ni vya volti 5 au 3.3 kwa ajili ya Arduino na wenzake, volti hasi za mashine yako zitavikaanga.

Siku laptopu ikiwa kwa mwenzako mwenye Windows, kitu kilekile kinaandikwa hivi:

mode COM3 BAUD=9600 PARITY=N DATA=8 STOP=1 XON=ON
copy /b ua.nc \\.\COM3

Ile /b ni lazima, na ile \\.\ inakusaidia namba ya poti ikipita 9.

Mtu atakuambia pia habari za XMODEM, kwamba inakagua kila kifurushi na kurudia kilichoharibika. Ni kweli. Ward Christensen aliitengeneza mwaka 1977, inakata faili vipande vya baiti 128, kila kimoja na hesabu yake ya ukaguzi. Lakini lazima pande zote mbili ziijue. Vifaa vya kupima hali ya hewa na vidhibiti vingi vidogo vinaijua, na kwa vifaa hivyo utatumia amri ya sx. Mashine yako ikipewa XMODEM itaona takataka kwenye maneno yake.

Fanya hivi basi. Leo weka ixon baada ya raw, pima pini 2 kwa multimita, fanya jaribio la cat -v kisu kikiwa kimetolewa. Kesho chonga ua zima hewani, kichwa kikiwa juu ya ubao sentimita tano, na ukae na saa: amri irudi karibu na mwisho wa kazi, si dakika ya tano. Halafu chonga kwenye paini, mara mbili, ulinganishe vipande viwili kimoja juu ya kingine. Ukiona M-^S popote, nitumie picha ya ule ukurasa wa mipangilio na jibu la stty -a, na ubao wa mninga ukae ukutani mpaka nikujibu.